Mfuko Ulioshuka Nusu Mraba

Shati la drafti ndilo linalomtenga fundi na mtu mwenye cherehani. Shati jeupe kila mtu anashona. Ukikosea, weupe unakusitiri. Lakini drafti ni miraba mitupu, na miraba haifichi kitu. Mistari ya kifua cha kushoto lazima ikutane na ya kulia pale kwenye vifungo, ya mbele ikutane na ya nyuma ubavuni, na mfuko wa kifuani ukae juu ya miraba ya shati kiasi kwamba mtu akitazama aone shati tu, asijue kuna mfuko mpaka uchomeke kalamu. Mifuko yangu ilikuwa haionekani. Sijisifu, naeleza. Wateja walikuwa wanajipapasa kifuani wakiniuliza, "Fundi, mfuko uko wapi?" Nami nawajibu, "Tafuta, umo. Umeulipia."

Ndiyo maana wakaniita Rula. Jina nililopewa na wazazi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa.

Duka letu ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Meza ya kukatia iko katikati, cherehani mbili ziko dirishani, pasi iko kwenye kona karibu na plagi, na ukutani kuna misumari ya kuning'inizia nguo zilizokwisha. Nasema letu kwa sababu ni la watu wawili, mimi na wifi yangu, dada yake mume wangu. Mimi nakata kitambaa na kushikiza vipande kwa pini, yeye anapitisha cherehani palepale penye pini zangu. Tumefanya hivyo miaka kumi na tisa. Yeye wanamwita Kimya, na hawakumsingizia. Anaweza kushinda kutwa nzima maneno yake yakawa mawili, "uzi" na "pasi." Mimi huwa nasema kwa niaba ya wote wawili, na sijawahi kusikia akilalamika kwamba nimemnukuu vibaya.

Basi siku moja akaja mwalimu wa hesabu, mteja wetu wa miaka mingi, mtu mrefu anayetembea kama anahesabu hatua. Kila mwaka huleta kitambaa chake mwenyewe cha drafti, tunamshonea mashati mawili. Safari hiyo alirudi na shati wiki moja tu baada ya kulichukua. Akalitandaza mezani, akalilainisha kwa viganja.

"Fundi, jana niko ubaoni," akasema, "mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Nikafurahi, nikajua kapata jibu. Akaniambia, 'Mwalimu, mfuko wako umeshuka nusu mraba.'"

Nikaliinamia shati. Nikatazama mfuko. Umekaa sawasawa, mstari juu ya mstari.

"Mwambie huyo mwanafunzi wako akapimwe macho," nikasema.

Mwalimu akacheka, lakini kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. Akamgeukia wifi yangu. "Na wewe unaonaje?"

Kimya akaacha cherehani, akaja, akatazama. "Umeshuka, wifi," akasema.

"Thubutu!" Nikalichukua shati, nikalipeleka mlangoni penye mwanga, nikaligeuza huku na huku. Sawasawa kabisa. Nikamwambia mwalimu aliache, nami nitalitazama tena asubuhi nikiwa na kichwa chepesi, maana siku hizo kichwa kilikuwa kinaniuma nyuma ya macho kila ifikapo saa tisa. Asubuhi nikalitazama. Halikuwa na kasoro hata chembe. Nikalitundika msumarini, nikaapa sitaligusa mpaka mwenyewe arudi aniombe radhi.

Baada ya mwalimu akaja karani wa benki, naye mfuko umeshuka. Baada ya karani akaja muuza vioo, mfuko umeshuka. Wote nikawabishia. Muuza vioo tulibishana mpaka wapita njia wakasimama. Nilikuwa naona wazi, jamani, kwa macho yangu mawili, halafu watu wazima wanakuja kuniambia sioni. Nikaanza kuhisi kuna njama. Nilijiuliza ni nani anayewatuma.

Jibu nililipata mchana mmoja, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimetoka kwenda kununua uzi, njiani nikakumbuka nimeacha pochi, nikarudi. Dukani walikuwamo mama mmoja na binti yake waliokuja kupimwa sare ya shule, pamoja na fundi wa upande wa pili wa barabara, yule tunayemwita Marashi kwa sababu hujipulizia mpaka nguo anazoshona zinanukia, aliyekuwa amekuja kuazima chaki. Na Kimya alikuwa ameinama juu ya shati nililolikata asubuhi ile, ana wembe mkononi, anafumua mfuko. Mfuko wangu! Mfuko niliouweka mwenyewe, uliokaa vizuri! Ameshauachia upande mmoja, na pini mbili ameshazichomeka juu ya pale nilipozichomeka mimi.

Damu ilinipanda kichwani. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini siku ile nilijipita.

"Kumbe ni wewe!" nikapiga kelele. "Kumbe anayeniharibia kazi nakaa naye dirisha moja! Mimi nagombana na watu, natukanwa, kumbe wifi yangu ndiye anayehamisha mifuko nikitoka!"

Kimya akaweka wembe chini. "Wifi, nilikuwa naupandisha."

"Unaupandisha uende wapi? Una wivu, sema! Miaka kumi na tisa nimekubeba. Bila mimi wewe hata kitambaa cha kufutia meza huwezi kukata!"

Yule mama akamvuta binti yake wakatoka bila kupimwa. Marashi akabaki ameshika chaki, anatazama dari. Kimya akarudisha pini kwenye kikopo moja moja, akafunika cherehani yake kwa kitambaa, akatoka. Kesho yake asubuhi akaja na mume wangu, wakaibeba ile cherehani na meza yake, wakaivusha barabara hadi kwa Marashi, naye Marashi akampangia nafasi dirishani.

Usiku mezani nilimsubiri mume wangu kwa hamu. Yeye ni fundi bomba, mtu wa utani, lakini siku ile utani ulikuwa umemkauka.

"Baba watoto, umebeba cherehani kumpelekea mpinzani wangu?"

"Dada yangu kaniomba nimbebee mzigo, nikabeba," akasema. "Siku na wewe ukiniomba, nitakubebea." Akaendelea kula.

Nikabaki peke yangu dukani, nakata, nashikiza, nashona. Kiburi kilinishikilia vizuri, lakini mwili ulikuwa unaniangusha. Mabega yangu yote mawili yalikuwa na alama za fremu za milango. Watu walikuwa wananitokea ubavuni ghafla kama wametoka ukutani, nashtuka, nawagombeza. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi niliyokuwa naifanya huku napiga soga, kulinichukua dakika nzima. Asubuhi nikimimina chai, inaangukia pembeni ya kikombe. Nilisema ni uchovu. Nilisema ni umri, maana nina arobaini na mbili, na hedhi ilikuwa imeshanikatikia miaka miwili kabla. Utu uzima umenijia mapema, nikasema, nao uje tu, sina pa kuukimbilia.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilikuwa natoa maziwa. Mtoto wangu wa mwisho ana ndevu, yuko sekondari, na mimi kifua changu kinalowa kama mzazi wa juzi. Niliona aibu, aibu ya kunifanya nioge mlango umefungwa kwa komeo. Ningemwambia nani? Wangesema nina mimba, wangesema nimelogwa, wangesema mengine ambayo hata kuyawaza sikutaka. Nikachukua mabaki ya flaneli chini ya meza, nikajikatia viduara, nikavishona tabaka tatu tatu, nikawa naviweka ndani ya sidiria. Vilikaa vizuri sana. Hata katika aibu yangu nilikuwa fundi.

Wiki ya tano baada ya ugomvi, mchana, duka tupu, Kimya akaingia. Hakunisalimia na mimi sikumsalimia. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki. Akatoa shati la karani wa benki, la muuza vioo, na mengine matatu ambayo mimi sikujua hata kama yana malalamiko. Alikuwa amewafuata wateja makwao, akayaazima. Akaenda msumarini akateremsha na lile la mwalimu. Sita. Akayatandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akachukua futi, akaanza kupima kutoka mstari wa mfuko hadi mstari wa shati.

"Nusu inchi," akasema. Akahamia la pili. "Nusu inchi." La tatu. "Nusu inchi, kasoro uzi mmoja." Akamaliza yote sita. Nusu inchi, nusu inchi, nusu inchi.

"Kwa hiyo?" nikasema. "Umejua kuharibu kwa kipimo."

Akaviringisha futi. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja. "Wifi, mkono ukichoka hukosea ovyo ovyo, mara juu, mara chini. Mtu mwenye wivu naye angeharibu popote. Hili kosa ni lilelile, upande uleule, kila shati. Mkono wako hauna tatizo. Kuna kitu kinakudanganya kabla mkono haujafika."

"Kitu gani?"

"Sijui. Fumba jicho moja. Kama unatunga uzi."

Nikafumba la kushoto, kwa shingo upande, ili tu amalize aondoke. Na mfuko wa mwalimu ukashuka. Nauangalia hivi, ukashuka mbele yangu, mstari ukaachana na mstari, nusu mraba kamili. Nikafumbua macho yote mawili, ukapanda, ukakaa mahali pake vizuri kabisa. Nikafumba tena, ukashuka. Hapo ndipo nikagundua na lingine: kwa jicho la kulia peke yake, upande wote wa kulia wa meza ulikuwa umefifia, kijivu, pasi hata siioni. Nikabadilisha. Kwa jicho la kushoto, upande wa kushoto ndio ulikuwa haupo.

Niliogopa. Siwezi kusema vinginevyo. Niliogopa mpaka nikakaa chini sakafuni, kwenye mabaki ya vitambaa. Na nikiwa pale chini nikaelewa na lile lililoniuma zaidi. Wifi yangu hakuharibu mfuko hata mmoja. Kwa miezi alikuwa akinisubiri nitoke, anafumua makosa yangu, anayapanga upya, anashona, na mimi narudi nakuta kazi nzuri najisifia. Yale mashati sita ni yale ambayo hakupata nafasi ya kuyawahi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikwambia. Ulisema thubutu." Akakunja mashati. "Kesho saa mbili asubuhi. Nakupitia."

Kwenye kliniki ya macho walinikalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya kibao, jicho moja limefunikwa, mkononi nimeshika kitufe. Kila nikiona kitaa kidogo kinawaka, nibonyeze. Nilibonyeza kwa juhudi. Nilibonyeza nikijua nawaonyesha kazi. Nilipomaliza nikamuuliza mpimaji kama kuna mtu amewahi kufaulu hivi. Akanionyesha karatasi: miduara miwili, na kila mduara nusu yake ya nje nyeusi tititi.

"Huku kote taa zilikuwa zinawaka, mama," akasema kwa upole. "Hukubonyeza hata moja."

Daktari wa macho akanieleza vizuri, na mimi nikaelewa haraka kuliko alivyotarajia. Macho ya mtu huona yakiingiliana. Eneo la katikati yote mawili huliona, na ndilo linaloyashikamanisha. Yangu kila moja lilikuwa limebaki na nusu yake ya ndani tu. Nusu mbili zinagusana katikati lakini haziingiliani, kwa hiyo moja inateleza juu au chini, na ubongo unaziunganisha hivyo hivyo na kuniambia ni sawa.

"Yaani hakuna upana wa mshono," nikasema. "Vipande viwili vimewekwa ncha kwa ncha bila kuachiwa nafasi ya kushona."

Daktari akamtazama Kimya, Kimya akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo hivyo," daktari akasema. "Na sasa tutafute nani aliyekata nafasi hiyo."

Wakaniingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, inayogonga na kunguruma kama ina ugomvi na mtu. Wakanitoa damu. Baada ya siku nne tukaitwa kwa daktari wa homoni, mwanamke mdogo kwangu, ana sauti tulivu, kaweka picha yangu ukutani kwenye taa. Akanionyesha chini ya ubongo, katikati, nyuma ya pua. Pale kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari, nayo ndiyo inayotuma maagizo kwa tezi nyingine mwilini. Yangu ilikuwa imeota uvimbe. Uvimbe umepanda juu, umekandamiza pale mishipa ya macho inapopishana.

"Si saratani," akasema mapema, kabla sijapata nafasi ya kuuliza. "Upana wake sentimita mbili na nusu."

"Kifungo cha koti," nikasema.

Akacheka. Halafu akauliza, kama anauliza saa, "Unatoa maziwa?"

Nilimtazama Kimya aliyekaa kiti cha pembeni. Nikatazama sakafu. Nikasema ndiyo, mwaka na nusu sasa, na sauti yangu ilitoka ndogo, hata mimi sikuitambua.

"Ndiyo maana flaneli ilikuwa inaisha," Kimya akasema.

Nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilianza. Daktari akatungoja. Akaeleza kwamba aina hii ya uvimbe humwaga homoni ya maziwa, na ndiyo hiyo iliyonikatia hedhi pia. Wala si uzee, wala si uchawi, na wanawake wengi hukaa nao miaka kwa sababu ya haya. Akaniuliza kama niko tayari kusikia tiba. Nilikuwa nimeshajiandaa kupasuliwa fuvu. Nilikuwa nimeshachagua hata kitambaa cha kujifunga kichwani.

"Vidonge," akasema. "Nusu kidonge Jumatatu, nusu Alhamisi, baada ya chakula cha usiku. Aina yako mara nyingi husinyaa kwa dawa. Tutapima macho kila baada ya muda mfupi, na kama hayarudi, tutazungumza habari ya upasuaji, nao hupitia puani. Lakini usiache dawa mwenyewe, hata ukijiona mzima."

Nusu kidonge! Nilipofika nyumbani majirani walikuja na nyuso za msiba, mmoja ameshaanza kunishika bega kama anaaga. Nikawaonyesha kikopo. Hawakuniamini, wakadhani nimefichwa ukweli. Mume wangu yeye alikigeuza kile kidonge kwenye kiganja, akasema, "Mama watoto, mimi kuzibua sinki tu natumia vifaa vitano." Usiku ule nilikinywa nikajisikia kichefuchefu, na asubuhi niliposimama haraka nyumba ikazunguka. Nikajifunza kuamka kidogo kidogo. Hicho tu ndicho kilichonishinda kwa muda.

Kimya nilimwomba radhi. Nilimwomba palepale kwenye korido ya hospitali, tukisubiri dawa, nikamshika mkono nikamwambia, "Nisamehe, wifi." Akasema, "Yamekwisha." Nikajua yamekwisha. Asubuhi nikafungua duka mapema, nikapangusa nafasi ya dirishani, nikasubiri. Saa mbili nikamwona ng'ambo anafungua dirisha la Marashi, anakaa kwenye cherehani yake.

Kesho yake vilevile. Aliendelea kunipeleka hospitali kila nilipotakiwa, ananishika mkono kwenye ngazi, anauliza maswali niliyoyasahau, halafu anarudi kwa Marashi. Nikakasirika. Nilishaomba radhi, alitaka nini tena, nimpigie magoti?

"Ulimtukana wapi?" mume wangu akaniuliza.

"Dukani."

"Mbele ya nani?"

Nikaanza kukusanya vyombo.

"Na radhi umeomba wapi?" Akajifuta mikono. "Basi. Mimi ni fundi bomba, haya mengine mtajua wenyewe."

Wiki ya pili chai ikaanza kuingia kwenye kikombe. Wiki ya tatu maziwa yakakauka, nikavitupa vile viduara vya flaneli, na nikaoga bila komeo. Wiki ya tano niliwekwa tena mbele ya lile bakuli jeupe, na safari hii sikujigamba, nilibonyeza huku naomba. Karatasi ikatoka: miduara miwili, myeupe karibu yote, isipokuwa vipembe viwili vya juu vilivyobaki na kivuli. Mwezi wa tatu hedhi ikarudi, nikaipokea kama mgeni niliyemzoea bila kumpenda. Daktari akapiga picha nyingine, akanionyesha kifungo cha koti kimekuwa cha shati. Kipo bado. Naishi nacho, nakilisha nusu kidonge mara mbili kwa wiki, na kila mwaka nitakuwa naenda kukipima.

Siku ya ile picha nilirudi dukani, nikatandaza kitambaa cha drafti, miraba midogo midogo, ile ambayo mafundi wengine huikataa. Nikakata shati zima. Nikaweka mfuko, nikaushikiza. Nikafumba jicho moja. Nikafumba la pili. Nikachukua na futi, kwa sababu siku hizi sijiamini bila kupima, na hilo nadhani limenifanya fundi bora zaidi. Mfuko ulikuwa hauonekani.

Kwa hiyo, kwa kazi yangu, sikumhitaji tena. Naweza kukata, naweza kushona, wateja wamerudi. Ilibidi nilijue hilo kwanza, asije mtu akadhani nimemfuata ili anishikie macho. Nilimtaka mwenyewe. Dirisha lilikuwa limenichosha. Naongea peke yangu kutwa nzima, hakuna wa kunyamaza.

Nikavua futi shingoni, nikavuka barabara.

Kwa Marashi kulijaa. Yeye mwenyewe alikuwa anampima suruali mwalimu wa hesabu, ndiyo, mwalimu wangu, aliyeteremsha mikono haraka kama mtu aliyekutwa dukani kwa jirani, na kweli ndiko alikokutwa. Kulikuwa na akina mama watatu kwenye benchi na mzee mmoja anayesubiri pindo. Kimya alikuwa dirishani, anashona, hakugeuka.

Mimi si mtu wa kunong'ona. Nikasimama katikati.

"Jamani, nisikilizeni, hata wewe mwalimu, na suruali yako ngoja kidogo. Huyu ni wifi yangu. Miezi mitano iliyopita nilisimama mbele ya watu nikamwita mharibifu. Marashi alikuwepo, alishika chaki yangu ambayo hajairudisha. Nilisema anashusha mifuko yangu kwa wivu. Mifuko nilikuwa naishusha mimi. Nilikuwa na uvimbe kichwani, macho yananidanganya, na yeye alikuwa anafumua makosa yangu mchana asile, ili jina langu lisiharibike. Nikamtukana kwa hilo. Nilisema hawezi kukata hata kitambaa cha kufutia meza. Nilisema uongo. Mwalimu, wewe shati lako la mwaka juzi, lile ulilosema limekukaa kuliko yote, nililikata mimi? Nilikuwa na homa. Alilikata yeye, na mimi sifa nilizipokea nikanyamaza. Kuanzia leo meza ya kukatia ni yetu wawili, wiki yangu, wiki yake. Kama atakubali. Na kama hatakubali, bado niliyoyasema ni kweli. Nisamehe, wifi. Safari hii nasema wasikie."

Mlio wa cherehani uliendelea. Kimya alishona mpaka mwisho wa mshono, akanyanyua mguu wa cherehani, akakata uzi, akakunja kile alichokuwa anashona.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi shika upande ule."

"Jamani, na nguo zangu?" Marashi akalalamika.

"Zitakuja zimeshonwa," Kimya akamwambia.

Nikashika upande ule. Cherehani na meza yake ya chuma ni mzigo, tena nilikuwa natembea kinyumenyume. Tukashuka ngazi ya Marashi, tukaingia barabarani, yeye ananielekeza kama alivyozoea kunielekeza kwenye korido za hospitali.

"Ndoo, kulia kwako, wifi."

"Nimeiona."

Akasimama. "Umeiona?"

"Ya bluu. Imepasuka mdomo. Na nyuma yake kuna paka mweusi amelala, na huyo hukuniambia."

Akanitazama. Kisha akaiweka cherehani chini, palepale katikati ya barabara, akashika uso wake kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti kubwa, yeye Kimya, kilio cha mtu aliyekaa na hofu miezi yote ile bila kumwambia mtu. Madereva wakatupigia honi. Mimi nikasimama upande wangu wa cherehani, nikanyamaza, nikamngoja amalize.